Kambi ya Tatu kwenye Njia ya Baiskeli

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa baiskeli kabla sijaambiwa cheo changu. Karani Mkuu alinitoa ofisini hadi kwenye banda la nyuma, akanionyesha baiskeli nyeusi, nzito, yenye keria mbele na nyuma, pampu iliyofungwa kwenye fremu, na mkoba mdogo wa ngozi nyuma ya tandiko. "Hii ni mali ya Mfalme," akasema. "Wewe ukianguka utapona. Yenyewe ikianguka utaandika barua ya kujieleza." Akarudi ndani kunywa chai yake, akaniacha nimeshika usukani.

Idara iliyoniajiri sitaitaja. Waliokuwamo wengi wamekwisha kufa, na majina yao hayatawasaidia ninyi mnaosoma. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili vya Wazungu, nami nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nyumbani kwetu ni Kibeta. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, mjukuu wa watu waliokuja na misafara kutoka pwani. Mama ni Mhaya wa Ijuganyondo. Kwa hiyo Kiswahili nilikipata kwa baba, Kihaya kwa mama, na Kiingereza cha kuandikia ripoti nilikipata shuleni. Nadhani ndiyo sababu walinichukua. Cheo chenyewe nilikijua siku ya tatu: Msimamizi wa Kambi.

Lazima nieleze njia yenyewe, maana leo lami imefika na vijana hawaamini. Barabara ya magari ilikuwapo, lakini masika yakianza malori yalikuwa yakizama kwenye tope hadi ekseli. Barua za serikali, hati za kuitwa shaurini na dawa ndogondogo zilikwenda kwa baiskeli. Njia ilitoka Bukoba, ikapita Kibeta, ikafuata migongo ya vilima na kupanda Kamachumu, ikashuka Muleba, halafu ikaacha migomba na kuingia nyikani kuelekea Biharamulo. Ilikuwa na upana wa hatua moja tu, imekanyagwa na miguu na matairi mpaka ikang'aa. Mtu mwenye pumzi nzuri aliimaliza kwa siku nne ikiwa kavu. Ikiwa na mvua, nisiseme uongo, ilikuwa siku saba au nane.

Palikuwa na kambi nne: ya kwanza Kamachumu, ya pili mbele kidogo ya Muleba, ya tatu bondeni mwanzo wa nyika, ya nne mpakani mwa wilaya. Kambi maana yake si mahema. Ilikuwa nyumba ya fito na udongo, paa la nyasi, chumba kimoja kikubwa cha Mzungu akiwa safarini, na pembeni kibanda cha watumishi. Kazi yangu ilikuwa kuzizungukia zote mara moja kila mwezi: kutazama paa kama linavuja, mtungi kama una maji, kuni kama zipo, mtaro kama umezibuliwa. Kila kambi ilikuwa na daftari lililofungwa kwa kamba msumarini. Ndani yake niliandika hali ya kambi, kisha nakala nikaipeleka Bukoba.

Aliyenifundisha kazi hiyo kwa kweli si Karani Mkuu. Ni Anselmi, tarishi wa barua, Mkatoliki wa Kamachumu, mwembamba kama spoki. Alikuwa amenizidi miaka kumi na mitano. Alivaa rozari shingoni ndani ya koti la kaki la serikali, na akipanda mlima alikuwa akipumua kwa pua tu, mdomo kafunga. Safari yangu ya kwanza tulikwenda pamoja. Tulipofika mbele ya Muleba nikamwuliza ni lini tutasimama.

"Jua likiwa bado juu ya migomba," alisema. "Usifike kwa mtu giza limeingia. Ukifika mapema wewe ni mgeni. Ukifika gizani wewe ni mwizi mpaka umalize kujieleza."

"Na nikifika niseme naomba pa kulala?"

"Usiombe pa kulala, Zuberi. Omba maji. Mwenye nyumba akikupa maji akakuuliza unatoka wapi, umekwisha kupata kitanda. Akikupa maji akanyamaza, shukuru, panda baiskeli."

Ndivyo tulivyoishi njiani. Kambi zilikuwapo, lakini matarishi hawakuzipenda. Zilikuwa na baridi na upweke. Walilala kwa watu. Nyumba za wakati ule nyingi zilikuwa mushonge, ile nyumba ya mviringo iliyoezekwa nyasi mpaka chini. Ukikaribishwa unaletewa kwanza akamwani, kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, na wakati unatafuna unasikia watoto wanatumwa kukata nyasi mbichi za kukutandikia. Baiskeli iliingizwa ndani pamoja nawe. Hakuna aliyeogopa wezi, ila fisi wa kule walikuwa wakitafuna tandiko la ngozi mpaka wabakize springi za chuma.

Ukikosa nyumba, Anselmi alinifundisha, unachagua mahali penye mteremko kidogo, mbali na mti mkavu na mbali na mstari wa siafu. Unaipindua baiskeli, inakaa juu ya usukani na tandiko, magurudumu juu. Unatupa turubai juu ya magurudumu, unapiga vigingi vinne, unachimba mtaro mdogo upande wa juu ili maji yapite pembeni. Unapata kibanda kama cha mbuzi. Wawili mnaenea mkikunja magoti.

Mahali tulipopapenda kuliko pote ni kwa Mzee Rwiza, kwenye kilima cha mwisho chenye migomba kabla ya kushukia nyikani. Alikuwa mkulima mwenye kibanja kikubwa cha kahawa na ndizi, mtu wa maneno machache. Anselmi alimwita tata, yaani baba, nami nikamwita tata. Mke wake alikuwa akituwekea ebitoke, ndizi za kupika, na maharage hata kabla hatujatia mguu uani, kwa sababu alisikia kengele ya Anselmi tangu bondeni.

Mwaka wa tatu wa kazi yangu alikuja Bwana Mkubwa mpya. Alikuwa mrefu, kijana kuliko tulivyotarajia, msafi sana, mwenye kupenda ramani. Mwezi wa kwanza tu, mfuko mmoja wa barua ulifika mpakani umelowa na mshono umefumuka. Tarishi wake, si Anselmi, alikuwa amelala kwa watu akanywa lubisi, ile pombe ya ndizi, akasahau mfuko nje. Bwana Mkubwa akatuita sote barazani.

"Nina kambi nne," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Kambi nne nzuri. Kwa nini mfuko wa serikali unalala chini ya kitanda cha mkulima?"

Akatoa amri: tangu siku hiyo tarishi asilale popote isipokuwa kambini. Akifika atie sahihi katika daftari la kambi, siku na saa. Asiyekuwa na sahihi hana kazi. Na mwananchi yeyote atakayemlaza mtu wa serikali nyumbani kwake atashtakiwa. Anselmi alinyoosha mkono, akauliza kwa heshima kama yeye, ambaye nyumba yake Kamachumu inaonekana kutoka mlangoni mwa kambi ya kwanza, anaweza kulala na mkewe. Bwana Mkubwa alifikiri kidogo. Akasema amri ni amri.

Kuwasomea watu amri hiyo kulikuwa kazi yangu, kwa kuwa nilijua lugha zote mbili. Nilisimama katika kila kijiji njiani, nikasoma kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya. Uani kwa Mzee Rwiza nilisoma huku nimeangalia karatasi tu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa heshima anayopewa mkubwa, "Haya, waitu. Tumesikia," akaingia ndani. Mwezi uliofuata jirani yake alimlaza tarishi mmoja aliyekatikiwa cheni, na jirani huyo akawekwa ndani siku kumi na nne. Baada ya hapo milango ilifungwa kweli.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Kambi ya tatu ilikuwa ya zamani kuliko zote. Kibanda chake cha watumishi kilikuwa na sakafu ya udongo mkavu na kuta zenye nyufa, na watu wa nyikani walikuwa wakipita wakilala humo na mbuzi wao. Nilianza kushuku nilipoona mlinzi wa kambi analala nje kila siku, hata kukiwa na umande. Nikamwuliza, akacheka tu. Basi nikafanya kama nilivyowahi kumwona mganga msaidizi akifanya: nilikwangua vumbi chini ya ukuta, nikalimwaga juu ya kitambaa cheupe juani, nikakaa kungoja. Mwanzoni ni vumbi tu. Baada ya muda punje za vumbi zikaanza kutembea.

Papasi ni kupe laini, rangi ya udongo wenyewe. Mchana hukaa kwenye nyufa, mtu akilala hutoka, humnyonya bila maumivu, hurudi. Hujui lolote mpaka wiki moja baadaye, homa inapokuja. Inakaa siku chache, inaondoka, unasema nimepona. Halafu inarudi. Katika kile kiganja kimoja cha vumbi nilihesabu kumi na moja.

Nikaandika katika daftari: Kibanda cha watumishi kina papasi. Kichomwe, kijengwe kingine mahali pengine. Nakala nikaipeleka Bukoba, nikaiweka mezani kwa Karani Mkuu. Alikuwa mtu wa makamo, si mbaya, mwenye watoto wengi na hofu nyingi. Aliisoma mara mbili, akaenda kufunga mlango.

"Zuberi, mwanangu. Bwana Mkubwa amekwisha kuandika Mwanza kwa mkubwa wake kwamba kambi zote nne zimekamilika na zinafaa. Wiki iliyopita. Unataka mimi niingie mle nimwambie ameandika uongo?"

"Lakini papasi wapo, Mzee. Nimewaona kwa macho."

"Wapo kila mahali. Mwakani tutajenga upya, nitalisimamia mwenyewe. Sasa hivi andika ukurasa mwingine." Alinisukumia karatasi. "Wewe umeoa juzi tu. Kazi yako haijathibitishwa bado. Andika."

Nimeishi miaka mingi nikijaribu kukumbuka kama nilibishana zaidi. Sikubishana. Niliandika: Kibanda kinafaa kulala. Safari iliyofuata nilichana ule ukurasa wa kwanza katika daftari la kambi, nikaandika maneno yaleyale mapya. Na Bwana Mkubwa mwenyewe, alipozuru mwezi ule, nililiona jambo moja. Hakulala ndani, hata katika kile chumba kikubwa. Alipigiwa hema lake uwanjani, nami nilipima kwa macho: hatua thelathini kutoka kwenye ukuta wa karibu.

Wiki ileile nilikutana na Anselmi Kamachumu, nje ya kambi ya kwanza, anatia kiraka tyubu. Mkewe Yustina alikuwa amemletea chakula kambini, maana hakuruhusiwa kwenda kwake. Akaniuliza, "Kambi ya tatu ikoje siku hizi? Mara hii nitalala pale kwenda na kurudi."

Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kuona solusheni ikikauka juu ya mpira. Nikafikiri: nikimwambia, hatalala, asipolala, hana sahihi, akiulizwa, atasema Zuberi ndiye aliyeniambia. Nikasema, "Lala karibu na mlango. Pana hewa."

"Ahsante," akasema.

Aliugua baada ya siku nane au tisa, nyumbani kwake. Alidhani ni malaria, akameza kwinini. Homa ikaondoka, akarudi kazini, akalala tena palepale. Ikamrudia, ikaondoka. Masika yalikuwa yameingia. Mimi nilikuwa nikirudi kutoka kambi ya nne, asubuhi, nilipoiona baiskeli yake imelazwa kando ya njia mahali kilima kinapoanza. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye majani, mfuko wa barua mapajani ameukumbatia, meno yanagongana. Macho yake yalikuwa ya manjano.

"Afadhali ni wewe," alisema.

Nilifunga mfuko kwenye keria ya mbele, nikamkalisha keria ya nyuma, nikamfunga kiunoni kwa kamba ya turubai na kuifunga kwenye tandiko. Baiskeli yake niliificha vichakani. Nikaanza kusukuma. Nia yangu ilikuwa kumfikisha Muleba, kwenye zahanati. Mvua ilikuwa imeifanya njia kama sabuni. Nikienda hatua mbili narudi moja. Mara tatu tulianguka wote. Kila tukianguka aliniomba radhi. Njiani, kichwa chake kikiwa mgongoni kwangu, akasema jambo ambalo sikumwuliza: "Nililala karibu na mlango, kama ulivyoniambia."

Nilisukuma.

Jua lilikuwa bado juu ya migomba tulipofika kwa Mzee Rwiza. Alitoka kabla sijabisha, akasimama mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili. Mkewe alikuwa nyuma yake gizani.

"Tata, ni Anselmi. Ana homa mbaya. Tulaze leo tu, kesho nitamfikisha Muleba."

Alimtazama Anselmi. Kisha akanitazama mimi. "Wewe mwenyewe ulinisomea," akasema.

"Tata, ni mgonjwa."

"Amri haikusema mgonjwa wala mzima. Ulisoma kwa Kiswahili, ukasoma na kwa Kihaya ili nisije nikasema sikuelewa. Jirani yangu alirudi kutoka kifungoni anakohoa damu. Nina mabinti wawili ndani na mimi ni mzee."

"Basi chini ya migomba yako, tata. Nitaweka turubai."

"Asubuhi wataona alama za magurudumu." Akaonyesha njia kwa kidevu. "Mpeleke kambini."

Kambi ya pili ilikuwa mbali, yenye vilima viwili katikati. Mkewe alipita chini ya mkono wake, akaniwekea mikononi ndizi za kuchoma zilizofungwa kwenye jani, akarudi ndani bila kuninyanyulia uso. Kuna watu wanaomlaumu Mzee Rwiza nikisimulia habari hii. Mimi siwezi. Sauti aliyoiogopa ilikuwa yangu.

Tulikwenda mbele kiasi cha maili moja, mvua ikaanza tena, nayo si ya kusubiri. Nikachagua mahali palipoinuka, nikaipindua baiskeli, nikatupa turubai, nikapiga vigingi, nikachimba mtaro kwa mikono na kipande cha bati. Nilimwingiza Anselmi, nikamvika koti langu. Moto haukuwaka. Alikuwa akiongea na Yustina kwa Kihaya, kuhusu mti fulani wa kahawa uliokuwa ukisumbuliwa na wadudu, ukatwe au usikatwe. Mara moja akawa na akili timamu, akaniuliza kama mfuko umelowa. Nikamwambia mfuko ni mkavu. Ilikuwa kweli, nilikuwa nimeulalia.

Nilitaka kumwambia. Niliyapanga maneno yote kinywani. Lakini alikuwa ameushika mkono wangu kama mtu anayemshika ndugu yake, nikaona nikimwambia ataniachia mkono, nami niliuhitaji ule mkono. Kulipoanza kupambazuka ulikuwa baridi. Nilimfumba macho, nikamsomea nilichojua mimi katika dini yangu, kisha nikamwekea rozari vidoleni kwa ajili ya dini yake.

Nilipotoka nje ya turubai nilimkuta Mzee Rwiza amesimama njiani na wanaume wanne na machela ya miti. Sijui walikuwa wamesimama hapo tangu saa ngapi. "Amri haikusema habari ya maiti," alisema. Wakambeba mpaka Kamachumu, siku nzima, bila kupokezana na mtu mwingine.

Baada ya mazishi nilipanda baiskeli nikarudi kambi ya tatu. Nilimwambia mlinzi atoe mtungi na vyombo vyake. Saa sita mchana, kukiwa hakuna upepo, nilitia moto kibanda cha watumishi kwenye pembe zote nne, kisha na nyumba kubwa. Niliwasikia papasi? Hapana, hawana sauti. Nilisikia fito tu. Nikaenda Bukoba nikajishtaki mwenyewe.

Bwana Mkubwa alinisikiliza akiwa amesimama dirishani. "Kwa nini?"

"Kulikuwa na papasi, Bwana. Tarishi amekufa."

Akafungua jalada, akasoma. "Hapa pameandikwa kibanda kinafaa kulala. Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu, Bwana."

Karani Mkuu alikuwa kwenye kona na kalamu yake. Hakuinua kichwa, nami sikumtaja. "Basi," akasema Bwana Mkubwa, kwa upole kabisa, "ama ulisema uongo wakati ule, ama unasema uongo sasa. Kwa vyovyote vile siwezi kukupa kambi zangu."

Sikufungwa. Ningefungwa labda ningejiona nimelipa kitu. Nilihamishiwa ghala la idara, hapohapo mjini, nikawa natoa majembe, kamba na makopo ya rangi. Kambi ya tatu ilijengwa upya kabla mwaka haujaisha. Iliwekwa palepale, juu ya sakafu ileile, kwa sababu msingi ulikuwapo tayari. Walipaka tu udongo mpya. Niliandika barua mbili. Sikujibiwa. Tarishi aliyechukua nafasi ya Anselmi naye aliugua homa ya kurudirudi. Alipona, lakini jicho moja lilififia mpaka likafa. Na ile amri haikufutwa kamwe. Malori yalipozidi na barabara ikatengenezwa, matarishi wa baiskeli walipunguzwa mmoja mmoja, amri ikakosa mtu wa kumzuia.

Kwa Yustina nilikwenda kila mwaka. Nilimpelekea sukari na sabuni, na daftari za mtoto wake Deo aliyekuwa mdogo bado. Aliniita shemeji. Alinitandikia nyasi, akanipikia, akawaambia majirani kwamba mimi ndiye niliyembeba mume wake, akafia mikononi mwangu. Majirani waliniheshimu sana Kamachumu. Miaka sita nilikula chakula kile.

Siku moja nilimkuta uani anachambua kahawa iliyoanikwa kwenye jamvi, punje mbovu anazitupa pembeni. Nikakaa chini nikamweleza yote, kuanzia kile kitambaa cheupe mpaka neno la mlangoni. Mikono yake haikusimama.

"Yeye alijua?" aliuliza mwishoni.

"Hakujua."

"Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Siku ile anatia kiraka. Mimi nilikuwa nimempelekea chakula, nimesimama pale. Siku ile ulikuwa unajua?"

"Nilijua, shemeji."

Akachambua punje kama kumi hivi. Kisha akainuka, akakung'uta nguo. "Ngoja ule, Bwana Zuberi," akasema. Aliniwekea chakula, maji ya kunawa na kila kitu. Nilikula peke yangu. Alikuwa amekwenda shambani, na sikumwona tena nilipoondoka. Mwaka uliofuata sikwenda, wala mwaka wa pili, na baadaye nikashindwa kabisa.

Uhuru ulikuja, Bwana Mkubwa aliondoka na meli, Karani Mkuu akastaafu akafa. Mimi nilibaki ghalani chini ya wakubwa wanne wengine, Wazungu wawili na Waafrika wawili, sina la kusimulia juu yao. Nilistaafu nikajenga Ijuganyondo katika ardhi ya wajomba. Vijana wa hapa huniuliza juu ya safari zile, wakidhani zilikuwa raha: kulala porini, kuamka na ndege. Huwaeleza kuhusu vigingi na mtaro. Wakiniuliza nilijifunza nini, huwaambia kwamba nilijifunza kazi yangu vizuri, na niliijua vizuri siku niliyoandika lile neno.

Miaka michache iliyopita niliambiwa Yustina amefariki. Nilipanda basi mpaka Kamachumu, nikafika jioni kabla ya jua kuzama, nikakaa mbali na watu wa ukoo. Baada ya maziko nilitaka kuondoka nikatafute usafiri, akanifuata mwanamume mwenye ndevu za mvi kidogo. Alikuwa Deo.

"Wewe ndiye Mzee Zuberi wa Bukoba?"

"Ndiye mimi, mwanangu."

"Mama alituachia neno. Alisema atakuja mzee kutoka Bukoba, Mwislamu, mpeni mahali pa kulala na chakula. Lakini akasema tusikuulize kitu."

"Hakusema zaidi?"

"Hakusema zaidi."

Alinipeleka chumba cha nyuma. Kulikuwa na kitanda, shuka safi, na taa. Nilimwuliza kama mama yake alisema vile kwa hasira au kwa upole. Deo akanitazama, akafikiri, akasema kwamba hakumbuki. Alisema mama alikuwa mgonjwa sana, sauti yake ilikuwa imekwisha, na maneno yote wakati ule yalikuwa yakitoka namna moja.